Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mgeni, yeye apone na nini?

Wasomaji wapendwa, ndugu zetu wachimbaji, na ninyi mama zetu munaotwanga mawe na kupika kule machimboni, leo siongei bei ya zahabu. Leo naongea mpira. Lakini musigeuze ukurasa haraka. Ndani ya huu mpira mumo feza, mumo jasho lenu, na mumo mkono wa kijana mumoja uliovunjika kwenye kiwanja chetu cha Swima.

Kila mutu wa Swima anajua vile mambo iko. Ekipe ya kijiji jirani ikija kucheza siku ya Mungu, kiwanjani tunahesabika. Ni watoto wadogo, wazee watatu chini ya mwembe, na mbuzi wanaokula majani karibu na goli. Lakini watu wakisikia kwamba ekipe ya wachimbaji inashuka kutoka upande wa Misisi, ni jambo lingine kabisa. Tangu siku ya posho, pikipiki zinaingia kutoka Baraka. Wavuvi wanaacha nyavu. Mama wa maandazi anakanda unga mara mbili. Saa nane ya mchana ile kamba ya kuzunguka kiwanja haionekani tena, ni vichwa tu. Hata wale wanaosema kila siku eti mpira ni kazi ya watu wasio na kazi, nao wanakuja, wanasimama nyuma, wanasema wanapita tu.

Basi swali langu ni hili: ile siku, ni nani ameleta watu? Ni sisi wenye kiwanja, ao ni wale wageni? Na kama ni wageni, mbona feza ya mlangoni inabaki yote kwetu, na wao wanarudi na deni ya mafuta ya gari?

Jambo hili si la Swima peke yake. Tuvuke ziwa kwanza. Tarehe 25 mwezi wa 7 mwaka 2021, pale Kigoma, kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga walicheza finali ya kombe la shirikisho la Tanzania. Simba ni ya Dar es Salaam, Yanga ni ya Dar es Salaam. Kwa reli, Dar es Salaam na Kigoma ni zaidi ya kilometa 1,200. Maana yake ile siku ekipe zote mbili zilikuwa wageni. Kigoma haikuwa na mtoto wake kwenye finali, na bado watu walijaa. Wengi wetu huku ng'ambo tulifuata kwa redio na simu, kwa sababu Mukongomani mwenzetu, Mukoko Tonombe, alikuwa anachezea Yanga. Maskini, akapewa kadi nyekundu. Lwanga wa Uganda akafunga bao moja, Simba wakabeba kombe. Lakini muuza chai wa Kigoma, ile siku aliuza, kombe libebwe na Simba ao na Yanga.

Ekipe zingine za Tanzania zimeielewa hii hesabu vizuri sana. Mwaka 2018, African Lyon, ekipe ndogo ya Dar es Salaam, ilipaswa kuipokea Yanga. Badala ya kuipokea nyumbani, ilipeleka mechi Arusha. Kwa nini? Dar es Salaam watu wanaiona Yanga kila mara. Arusha wanaiona mara chache, basi wana kiu. Mwenyeji akahama nyumba yake mwenyewe ili afuate mashabiki wa mgeni. Mutu anaweza kucheka, lakini hiyo ni hesabu: mashabiki si wa kiwanja, mashabiki wanafuata jina.

Turudi kwetu Kongo. Kuna jina gani linalojaza uwanja kuliko Mazembe? Ile ekipe ilianza Lubumbashi mwaka 1939, mikononi mwa mapadri Wabenedikto, katika mji wa shaba, mji wa wachimbaji. Ilishinda kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968, halafu 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilifika finali ya dunia ya vilabu, ikacheza na Inter Milan. Sasa sikilizeni. Tarehe 28 mwezi wa 6 mwaka 2016 Mazembe ilienda Dar es Salaam kucheza na Yanga. Wakubwa wa Yanga wakaamua: watu waingie bure. Uwanja wa watu 60,000 ukajaa mapema, wengine wakabaki inje. Yanga walitaka ile sauti yote iwe yao. Lakini ndani mulikuwa pia watu wa Simba, na munajua mutu wa Simba, Yanga ikicheza na shetani yeye atashangilia shetani. Mazembe wakashinda bao moja kwa sifuri. Yanga wakakosa mechi, wakakosa na feza ya mlango.

Hapo ndipo naona kitu ambacho hata sisi Swima tunapaswa kukitambua. Ekipe yenye jina ikija, watu wanaokuja ni wa aina tatu. Wa kwanza ni wale wanaoipenda. Wa pili ni wale wanaoichukia, wanaotaka kuiona inaanguka, na hao wanalipa tiketi sawasawa na wale wa kwanza. Mwezi wa 4 mwaka 2024, Mashujaa wa Kigoma waliitoa Simba kwa penalti pale pale nyumbani kwao. Ni nani hakutaka kusema "mimi nilikuwapo"? Wa tatu ni wale wanaofuata watu. Wanaona pikipiki zinapita, wanauliza kuna nini, nao wanapanda. Aina zote hizi tatu zimeletwa na mgeni. Mwenyeji ametoa majani, kamba na magoli.

Hata Marekani ni vile vile, na kule wanahesabu kila kiti. Kule vyuo vikuu viko na ekipe za mpira wa kikapu, na watu wanazipenda kama sisi tunavyopenda Mazembe. Ndugu yetu Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966 na aliyetuacha mwaka 2024, alianzia huko, kwenye chuo cha Georgetown, mbele ya kucheza miaka 18 katika shampiona kubwa ya NBA. Mwaka 2024 wenyewe kulikuwa na binti wa chuo cha Iowa, Caitlin Clark. Mara nyingi alipoenda kucheza ugenini, tiketi ziliisha. Mwezi wa kwanza alienda kwa Ohio State. Waliingia watu zaidi ya 18,000, na ilikuwa mechi ya wasichana, ndugu zangu. Yeye akatia pointi 45, lakini chuo chake kikashindwa, 100 kwa 92. Wenyeji wakapata ushindi, wakapata na mlango. Mgeni akapata makofi.

Lakini kule wameweka njia za kusawazisha. Chuo kidogo kikialikwa na chuo kikubwa, mara nyingi hakiondoki nyumbani mbele ya kuandikiana: utakuja kucheza kwetu, tutakupa feza hii. Na katika ule mpira wao wa mikono, wa NFL, sehemu ya feza ya milango inawekwa pamoja halafu inagawiwa kwa ekipe zote. Kwa maneno mengine, wamekubali kwamba hakuna mutu anayeweza kucheza peke yake. Uwanja bila mgeni ni shamba la majani.

Sasa mutu ataniambia: "Papa, hii maneno iko wazi. Leo wewe unakula mlango wa kwako, kesho mimi ninakula wa kwangu. Ni sawa." Kweli, katika shampiona yenye mechi za kwenda na kurudi, ni sawa. Siwezi kubisha. Leo kwako, kesho kwangu.

Lakini ekipe ya wachimbaji, kwao ni wapi? Wewe ulishafika machimboni. Pale penye udongo sawa pameshachimbwa. Pale pasipochimbwa pamejengwa mahema. Pale pasipo mahema wanaanika mchanga. Vijana wanafanya mazoezi kwenye kipande cha barabara asubuhi mapema, pikipiki ikipita wanasimama. Hawana kiwanja cha kutupokea. Basi kwao hakuna "kesho kwangu". Wao ni wageni siku zote. Wanajaza Swima, wanajaza Baraka, wanajaza Fizi, na kila pahali wanaacha feza nyuma yao.

Na safari yenyewe munaijua kuliko mimi. Ile barabara ya RN5, mvua ikinyesha, gari linalala njiani. Usalama si wa kila siku. Mchezaji akija kucheza siku ya Mungu, anaondoka siku ya posho, anarudi siku ya kwanza jioni. Siku tatu hajashuka katika shimo. Wenzake wakigawana mifuko, yeye jina lake haliko. PDG wa shimo anaweza kumuonea huruma, anaweza pia kumwambia "nenda ukaombe kwa mpira".

Hapa sasa nifungue moyo, kwa sababu nisipofungua, maandiko haya yatakuwa ya mutu wa pembeni. Mimi si wa pembeni. Kwa miaka mitatu nilikuwa muweka feza wa ekipe yetu. Sanduku letu lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye tundu juu. Ile siku ninayoikumbuka, kopo lilijaa mbele ya mchezo kuanza, nikaanza kutia feza katika kofia yangu.

Kipa wao alikuwa kijana mwembamba, mwenye mikono mirefu. Dakika za mwisho aliruka kuzuia mpira karibu na mwamba wa goli, akaangukia jiwe. Hilo jiwe tulilijua. Tulikuwa tunasema kila wiki tutalitoa, kila wiki tunasahau, kwa sababu kipa wetu alishajifunza kuliepuka. Mgeni hakujifunza. Mkono ulivunjika, wote tulisikia. Tukamufunga kwa vijiti na kitambaa, akapandishwa kwenye gari pamoja na wenzake, wakaenda. Sisi jioni tukala mbuzi.

Baada ya wiki kadhaa mama yake akashuka hadi Swima. Alisema mtoto hawezi kushika nyundo wala tindo, mufunga mifupa anataka feza, na nyumbani wanaomtegemea ni wengi. Hakutukana mutu. Aliomba tu musaada. Tukakaa komite, chini ya ule mwembe. Mumoja akasema: "Huyu si mchezaji wetu." Mwingine akasema: "Tukimpa huyu, kesho kila mutu atavunjika." Wakanigeukia mimi mwenye kopo. Nikasema kopo ni la ekipe, si la wageni. Mama akaondoka na samaki tuliyomupa, mukeke wawili.

Yule kijana nilikutana naye mwaka uliofuata sokoni Baraka. Mkono ulipona, lakini umepinda kidogo. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo papa," halafu akaniuliza polepole, bila hasira: "Papa, ile siku kiwanja kilijaa kwa sababu ya nani?" Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, imechelewa.

Najua watakaonipinga, maana wengine tunakaa nao barazani. Wa kwanza watasema: "Wale wako na PDG, wako na zahabu, tuwape tena sisi maskini wa dagaa?" Ndugu zangu, zahabu ya PDG si ya kipa. Wengi wa wale vijana wanakula deni mbele ya kula mshahara. Ukimwona mchimbaji amevaa jezi mpya, usifikiri mfuko wake ni mpya.

Wa pili watasema: "Tukigawana, sisi tutabaki na nini?" Tufanye mfano, tupige hesabu pamoja. Tiketi ni franka 500. Kwenye mechi ya kijiji jirani waingie watu 40: ni franka 20,000. Kwenye mechi ya wachimbaji waingie 400: ni franka 200,000. Utoe kwanza gharama, mpira, mwamuzi, walinzi, dawa, tuseme 50,000. Inabaki 150,000. Umpe mgeni sehemu 40 kwa mia, ni 60,000. Wewe unabaki na 90,000. Sasa niambie, 90,000 na 20,000, ni ipi inajaza kopo? Na huyo mgeni akilipwa mafuta, atarudi. Asipolipwa, mwaka kesho utabaki na mbuzi wako karibu na goli.

Wa tatu watasema: "Ekipe kubwa zitaanza kutudai, leo 40, kesho 60." Hapa wana haki ya kuogopa. Ndiyo maana nasema sehemu iwe moja kwa wote, kubwa na ndogo. Ekipe ya kijiji jirani ikija, nayo ipewe 40 yake kwa mia, hata kama ni ya kununua maandazi tu. Aliyeleta wengi atabeba nyingi, aliyeleta wachache atabeba kidogo, na hakuna atakayesema amependelewa. Ikiandikwa vile, jina kubwa halitakuwa fimbo.

Kwa hiyo ninaomba komite za mpira za Swima, Baraka na Fizi wakae, waandike mambo manne, si zaidi. Moja: gharama zitolewe kwanza, na zisomwe mbele ya watu. Mbili: kinachobaki kigawiwe, 60 kwa mwenyeji na 40 kwa mgeni. Tatu: mlangoni wasimame watu wawili, mumoja wa kila upande, na tiketi ziwe na namba, na mwisho wa mchezo hesabu itangazwe kwa megafoni. Nne: kabla ya kugawana, sehemu ndogo iwekwe kwa mchezaji atakayeumia, awe wa huku ao wa kule. Jasho linalomwagika kwenye kiwanja kimoja haliulizwi kabila wala kijiji. Na mawe yatolewe kwenye goli. Hilo halihitaji komite, linahitaji jembe.

Sasa na ninyi wachimbaji, nisiwaache bure, mutasema nimewapaka mafuta. Kuna wanaokuja Swima na makelele yote, halafu wanaruka kamba ili wasilipe franka 500, na usiku wanatumia mara kumi yake kwa pombe. Kuna PDG anayefika na watu 20 nyuma yake, anasema "hawa ni wangu", wote wanaingia bure, wanakaa viti vya mbele. Mzee wangu, kama ni wako, walipie. Ile feza unayoruka nayo kamba ni ya kipa wako mwenyewe. Ukitaka tugawane mlango, kwanza mlango uwe na kitu.

Neno lingine, linatuhusu sote. Ekipe yenye jina inaleta, lakini pia inanyanganya. Watu wakizoea kungojea siku kubwa tu, mechi za kawaida zinakufa. Watoto wetu wanacheza mbele ya mbuzi, wasichana wetu wanacheza mbele ya hewa. Halafu tunashangaa mbona Swima haitoi mchezaji. Samatta wa Tanzania, Mazembe walimuona akiwa Simba, walipocheza nayo mwaka 2011. Wakaondoka naye Lubumbashi, na mwaka 2015 akawasaidia kubeba kombe la Afrika. Walimuona kwa sababu kulikuwa na Simba ya kumulea mbele mgeni hajafika. Mgeni anakuja siku moja. Siku zingine zote ni sisi.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni neno zuri, na sisi Swima tumepona mara nyingi kwa miguu ya vijana wa machimbo. Tulinunua jezi, tulinunua nyavu za goli, tulikula mbuzi. Siku ile itakapofika tena gari lao, kabla hatujahesabu vichwa kwenye kamba, tuanze kwa kuwauliza mafuta yamekula franka ngapi. Mimi kopo sina tena, nililirudisha. Lakini aliyelishika leo ni jirani yangu, na kesho asubuhi nitapeleka gazeti hili nyumbani kwake, tukae chini ya mwembe, tusome pamoja.